Bahari ya Mnadani

Ng'ombe wasipokanyaga, bahari ya Chinyami husimama. Na sasa ilikuwa imesimama wiki ya tatu.

Nyemo Chilewa, mlezi wa mawimbi, alikuwa amelala kifudifudi kwenye daraja la chuma lililokatiza juu ya bwawa, pua inakaribia kugusa maji, akitafuta hata kikunjo kimoja. Hakukiona. Alichokiona ni uso wake mwenyewe, na chini ya uso huo matumbawe yaliyopangana kimya kama vyombo vilivyooshwa vikaachwa kichanjani. Alipuliza. Maji yakatikisika kidogo, yakatulia tena.

"Ndio wimbi la leo hilo," alijisemea. "Karibuni, wageni, mjionee."

Chinyami iko Ugogoni, ambako mvua yenyewe huja kwa kubembelezwa, na wazee wengi hawakuwahi kuona bahari ila hii ya kwao, iliyochimbwa ndani ya mwamba na kuzibwa upande mmoja kwa ukuta wa kioo. Bahari ya kweli ilipopata moto, Nyemo akiwa bado shule ya msingi, matumbawe yaliyosalia yalipakiwa kwenye matangi, yakapandishwa treni, yakaletwa huku juu kwenye baridi. Watu wa pwani walicheka sana siku ile. Samaki wanakwenda kwa Wagogo! Kisha wakanyamaza, maana nyuma ya treni hapakubaki kitu cha kuchekea.

Chumvi haikuwa shida, wala mwanga. Shida ilikuwa mwendo wa maji. Tumbawe halina miguu. Haliendi sokoni, soko ndilo hulijia, likiletwa na wimbi linaloleta chakula na hewa na kuondoka na taka. Wajenzi wa kwanza walikuwa watu wa bara, na maji yatembeayo waliyoyajua wao ni yale ya korongo wakati wa masika, yanayotoka juu kwenda chini bila kuuliza mtu. Wakafunga pampu kubwa, maji yakaenda upande mmoja mchana na usiku. Upande uliopigwa ukachubuka, wa kisogoni ukafukiwa na tope. Wakafuata mabingwa wa kompyuta na mawimbi ya kupangwa, mazuri ajabu kwa macho, ila yalirudia yaleyale kama mtoto anayekariri shairi. Matumbawe yakakua kwa uvivu, matawi yote urefu mmoja.

Halafu siku moja kundi la ng'ombe lilipotea njia likapita juu ya bomba laini la kupeleka hewa bwawani ambalo mafundi walikuwa hawajalifukia. Kwato zikalibinya, zikaliachia, zikalibinya tena. Nyemo, wakati huo mwanafunzi wa kazi, alikuwa upande wa kioo. Aliona maji yakivimba, yakisita, yakigeuka, yakigongana yenyewe kwa yenyewe, na matumbawe kutoka ukuta hadi ukuta yakifunua vidomo vyao vyote kwa pamoja. Alipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Kuanzia hapo uwanja wa mnada ukatandikwa mabamba, chini ya kila bamba mvukuto, na kila mvukuto ukawa na bomba lake hadi kwenye vyumba vya hewa nyuma ya bwawa. Ng'ombe akikanyaga, hewa inakwenda, maji yanasukumwa. Hakuna ng'ombe anayekanyaga mara mbili sawasawa, na ndiyo maana hapakuwa na wimbi lililofanana na mwenzake. Siku za kawaida makundi yalipita kwenda kunywa maji, bwawa likacheza taratibu. Siku ya mnada mkubwa, bwawa lilipanda mpaka likalowesha daraja. Mji ulivimba kichwa. Halmashauri ikazigawa pampu za zamani visimani, maana nani anahitaji pampu na ng'ombe wapo? Ikabaki mashine moja ya kutoa viputo, samaki wasije wakakosa pumzi.

Kisha homa ya mapafu ikaingia kwenye ng'ombe wa bondeni, mabwana mifugo wakazungushia mnada kamba nyekundu, na bahari ikalala.

"Nyemo, shuka." Sauti ilitoka chini, kwenye mlango wa maabara. "Shuka upesi, wallahi, uone."

Alikuwa Daktari Bishara Mkumba, mwanamke mzaliwa wa Kilwa, aliyeyafuata matumbawe ya kwao mpaka huku. Yeye ndiye aliyeyatunza. Nyemo aliyatikisia maji tu, ndivyo walivyotaniana. Bishara alikuwa amekumbatia bakuli la kioo. Ndani yake mlikuwa na kijitawi cha tumbawe kilichovunjwa, na pale kilipovunjika, ndani kwa ndani, vilionekana vidoa vingi vidogo.

"Rangi gani hiyo? Sema wewe, mimi macho yangu siyaamini."

"Waridi," alisema Nyemo.

"Sema tena."

"Ni waridi, Bishara."

Wakakumbatiana na bakuli katikati, maji ya chumvi yakawamwagikia kifuani, wakacheka kama waliorudishiwa mtoto aliyepotea. Miaka yote mayai ya matumbawe yale yalikuwa yakionekana meupe, halafu yanayeyuka yasionekane tena. Hayakuwahi kuiva yakawa waridi. Vipandikizi walivyokuwa navyo, na vilikuwa maelfu, vyote vilikatwa kwenye mama walewale wachache. Ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Na bahari ya kweli ilikuwa imepoa misimu miwili sasa. Miamba ya Kilwa ilikuwa tupu inasubiri, na lori la tangi lilikuwa limeegeshwa nje ya geti, dereva wake amelala uvunguni. Hayakutakiwa matawi, walitakiwa watoto. Watoto wapya, wenye damu mchanganyiko.

"Yatatoa leo," alisema Bishara, "dari ikifungwa na giza la bwawa likiingia saa nane. Mwezi wetu wa taa kule darini umefika siku yake. Leo au basi, yakikosa leo yanayanyonya tena mayai yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini kwa maji haya hayatoi. Tumbawe linataka kuambiwa. Bahari inalitikisa, inaliambia, haya, wakati ndio huu. Mwaka jana kwenye mnada mkubwa uliona yalivyofunuka. Tunataka msukumo kama ule, nusu saa tu."

"Mnada umefungwa."

"Najua umefungwa." Bishara aliangalia bakuli badala ya kumwangalia yeye. "Nimemwita mjomba wako."

*

Mjomba Ndahani hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Nyemo alipofika uwanjani, vumbi lilikuwa limeshatangulia. Ng'ombe karibu mia nne walisimama nje ya kamba nyekundu, pembe juu, mikia inafukuza nzi, na mbele yao mzee mrefu amejifunga shuka, fimbo mabegani, amefurahi kama bwana harusi. Mjomba aliipenda bahari ile. Hajui kuogelea, wala hakuwahi kula samaki, lakini kila mnada lazima apitie kwenye kioo, aone mwenyewe kazi ya kwato zake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbukwa," aliamkia kwa Kigogo. Aliinua fimbo kuelekea kundini. "Nimesikia mwamba wenu una mimba. Nikasema, mpwa wangu azalishe peke yake, mimi nimekufa? Hawa ni wazima. Mabwana mifugo waliwapima wote juzijuzi. Hereni zinasoma kijani, pita nao uone."

Bishara alikuwa ameshika kipimo tayari. Akapita pembeni ya kundi, akikielekeza masikioni, na kila hereni ikajibu kwa taa ndogo ya kijani. Kijani, kijani, kijani. Saa saba ilikuwa imepita. Nyemo aliikaribia kamba. Angeweza kuinua kamba hiyo kwa vidole viwili. Mabamba yangeanza kugonga, mivukuto ingekohoa vumbi la wiki tatu, na ndani ya dakika chache maji yangeinuka. Aliyasikia tayari kichwani mwake. Nusu saa, halafu uwanja ungepigwa dawa, nani angejua?

Akapita kundini na yeye. Alikulia miguuni mwa ng'ombe hawa, akijua ukoo wao kama wengine wanavyojua mitaa. Ndipo alipowaona mitamba wawili wekundu, wamesimama wamegusana mabega, mbali kidogo na wenzao. Hereni zao zilisoma kijani. Lakini tundu la hereni lilikuwa bichi bado, damu imekauka kwenye ukingo, na ncha ya sikio ilikuwa na mikato miwili. Zizi la mjomba hukata mkato mmoja.

"Mjomba, hawa wametoka wapi?"

Mzee alikohoa kidogo. "Hawa? Hawa wangu."

"Wako najua. Wametoka wapi?"

Bishara hakuelewa swali, na asingeelewa hata akikaa Ugogoni miaka mingine ishirini. Aliona kundi moja lenye mwenyewe mmoja na vyeti kamili. Lakini kundi la Mgogo haliwi moja. Mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwagawa kwa rafiki na wakwe, huku na kule, wakakamuliwe na kuchungwa huko, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa wasalie wa kule. Na yeye hupokea wa wenzake. Ni desturi iliyookoa watu njaa nyingi. Ila homa nayo hupita njia hiyohiyo, zizi kwa zizi, ikipokelewa kwa heshima zote za urafiki.

"Walikuwa kwa rafiki yangu Malogo," alisema mjomba mwishowe, kwa sauti ya chini. "Bondeni. Kulipoanza maneno ya homa nikaona niwahi kuwatoa. Wangewazuia huko, mama, wangekufa bure. Wamefika baada ya kipimo. Hereni niliwavalisha mwenyewe, za wawili waliochinjwa."

"Wanakohoa?"

"Ng'ombe gani asiyekohoa kwenye vumbi?"

Bishara alikuwa amesogea. Alisikia, na uso wake ukabadilika, lakini si kwa namna Nyemo aliyoitegemea. "Basi watoeni hao wawili," alisema. "Wafungeni pale mtini, wengine wapite. Mzee wangu, si inawezekana?"

"Wamelala na hawa wengine zizi moja tangu walipofika," alisema Nyemo.

"Hatujui kama wanaumwa."

"Hatujui."

"Pengine wazima kabisa."

"Pengine. Uwezekano mkubwa ni wazima." Na aliamini hivyo, hilo ndilo lililomuuma. "Lakini mnada ukifunguliwa, kila kundi la mkoa huu litanusa mabamba haya, kila moja na ng'ombe wa watu kumi ndani yake."

"Tutapiga dawa."

"Tutapiga juu. Mivukuto imemeza mate na mavi ya miaka yote, Bishara. Inavuta na kutoa pumzi. Unadhani nani atapiga dawa humo ndani?"

Bishara alimshika mkono. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anaomba, na Nyemo hakuwahi kumwona akiomba. "Sikiliza, mwenzangu. Mama yangu alikuwa akiokota pweza kwenye mwamba ule. Leo wanawake wa kwetu wanatembea kwenye mawe matupu. Hili lori likirudi bure, halirudi tena, wameshachoka kutungoja. Kuna jambo la hakika na kuna jambo la pengine. Mayai yale ni hakika. Uliyaona kwa macho yako."

"Mimi naweza kusema sikukwambia," aliongeza mjomba. "Kweli, mama. Hukuuliza, sikusema. Kosa liwe langu, mimi mzee."

Nyemo alisimama pale jua likimchoma utosini, upande mmoja mwamba aliokesha nao ujana wake wote, upande mwingine watu ambao hata hawakujua kwamba wanajadiliwa: wanawake wanaosubiri maziwa asubuhi, vijana wanaohesabu mahari. Wote aliwapenda. Upande mmoja tu angeweza kuuokoa kwa hakika, na hakuna aliyekuwa anamtazama ila hawa wawili, na wote wawili walimtaka ainue kamba.

"Rudisha ng'ombe, mjomba," alisema.

Wachungaji wakageuka kumtazama. Kumfukuza mjomba wako na ng'ombe wake, tena mbele ya vijana wake, si jambo dogo. Mzee Ndahani aliteremsha fimbo mabegani, akaishika mkononi, akamwangalia mpwa wake muda mrefu. Akapiga mluzi, na kundi likageuka polepole, vumbi likawafuata walikotoka. Nyemo alipogeuka, Bishara naye alikuwa ameshaondoka.

*

Saa nane kamili dari ya bwawa ilijifunga. Usiku wa bwawa uliwekwa mchana ili watoto wa shule wauone, lakini siku hiyo hapakuwa na watoto, palikuwa na wanawake wawili kwenye daraja, mmoja mwanzo wa daraja na mwingine mwisho. Taa ya mwezi ikawaka darini. Maji yalikuwa bapa kiasi kwamba mwezi ule ulionekana mara mbili, bila hata ufa.

Nyemo alitamani kusema samahani, akajizuia, kwa sababu hakuwa amekosea. Hilo halikumpunguzia kitu. Alikaa miguu inaning'inia, akilia kimya kimya, pua inamwagika kwenye maji ya chumvi.

Basi hakuliona yai la kwanza. Aliona la pili. Kidude cha waridi, kidogo kama punje ya mtama, kilitokeza chini kabisa kwenye kilele cha tawi, kikang'ang'ania hapo, kikaachia. Kikapanda juu. Kikapanda moja kwa moja, hakikuyumba, hakikwenda kushoto wala kulia, mpaka kikafika usoni mwa maji kikatulia mbele ya kidole gumba cha mguu wake.

Kikaja kingine. Kisha tawi zima likafanya kama linachemka, na la jirani yake, na mbele ya macho yake giza lote la bwawa likaanza kunyesha mvua ya kichwa chini, maelfu kwa maelfu ya punje za waridi zinapanda wima kuelekea mwezini.

Akataka kumwita Bishara. Haikuhitajika. Daraja lilikuwa linatikisika kwa miguu ya mtu anayekimbia.

Bishara alijitupa chini kando yake, akachota maji kwa kikombe, akayainua kwenye mwanga. "Yamekaa," alinong'ona. "Tazama, yamekaa pamoja. Hayatawanyiki." Akaanza kucheka, kisha akajipiga paji la uso, kwa nguvu. "Maji mafu. Ya Rabi, mimi mtoto wa Kilwa! Bamvua ya maji makubwa ikipita kwetu yanakuja maji mafu, bahari inapungua ukali, inapumzika siku kadhaa. Hata mama yangu alikuwa anapumzika siku hizo. Na sisi huku..."

"Sisi huku tuliona fahari kwamba hailali," alisema Nyemo.

Ng'ombe walikuwa wakipita kila siku aliyoiumba Mungu. Kama mnada haupo, kuna kunywesha. Kama hakuna kunywesha, kuna kuhama. Bahari ya Chinyami ilikuwa haijapata siku moja ya kupumzika tangu ilipotandikiwa mabamba. Nani angetoa mbegu zake kwenye fujo ile zitawanyike zipotee?

"Ndiyo sababu?" aliuliza.

"Sijui. Pengine. Wakiniuliza nitasema sijui, huku nacheka." Bishara alimvuta kichwa akambusu kwenye kilemba. "Ungeinua kamba ile, tungeyapiga mateke yote. Kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyekuomba."

Wakakaa wameshikana, wakiogopa kidogo yale yaliyokuwa karibu kutokea. Usoni mwa maji utando wa waridi ulizidi kuwa mzito. Punje zilianza kupasuka, na hapo Bishara akainua kichwa, daktari tena.

"Za mama mmoja zimejazana pale, za mwingine kule. Hazishikani zenyewe kwa zenyewe, ni lazima zichanganyike na za wengine. Sasa nataka maji yatembee, lakini kidogo kabisa. Kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Una kilo ngapi?"

Nyemo alishaanza kukimbia.

*

Nje mchana ulikuwa mkali kiasi cha kumpofusha. Alivua viatu, akapita chini ya kamba, akaweka unyayo kwenye bamba la kwanza. Liliunguza. Likashuka chini yake kwa upana wa ukucha, mvukuto ukatoa pumzi.

"Nimeiona," ilisema sauti ya Bishara kwenye simu sikioni. "Inakuja. Ndogo, nzuri. Sasa kwingine."

Akatembea. Hatua mbili kushoto, akangoja. Moja mbele. Akarudi nyuma nusu, akazunguka. Alijikataza kuhesabu, mtu akihesabu hurudia, na bahari hairudii. Alijaribu kutembea kama ng'ombe asiye na haraka, anayenusa, anayesahau alikokuwa anakwenda. Uwanja wa makundi mia ulikuwa wake peke yake.

"Zinakutana," alisema Bishara, na alikuwa analia. "Pale katikati zinakutana. Usisimame, wala usikimbie. Ee mama, laiti ungeona."

Nyemo hakuweza kuona. Aliona mabamba na vumbi, na baada ya muda akaona mtu nje ya kamba. Mjomba Ndahani alikuwa amerudi kwa miguu, peke yake, ng'ombe amewaacha mbali na wachungaji. Labda alikuja kugomba. Kama ni hivyo alisahau, kwa sababu mbele yake mpwa wake msomi alikuwa pekupeku juani, anazungukazunguka uwanja mtupu, machozi yanamtoka na meno yote nje.

"Mama," aliita kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Umefanya nini?"

"Mwamba umezaa, mjomba."

"Umezaa? Bila ng'ombe?"

"Umezaa kwa sababu hamkuingia." Alipiga hatua nyingine, polepole, bamba likashuka. "Ulitaka maji yalale. Mngepita tungeua kila kitu."

Mzee aliegemea fimbo yake. Aliutazama uwanja ambao aliulisha kwato miaka yote, akatazama kule kwenye bwawa, na Nyemo akaona jambo hilo likimwingia taratibu, likapita kwenye uchungu wa kufukuzwa, likauzunguka, likafika upande wa pili. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Basi vizuri," alisema Mjomba Ndahani. "Mwakani nialike tena, nisije."